Shati la Kijana wa Simu

Zaitun binti yangu,

Nakusikia chumba cha pili unabishana na mama yako kuhusu blanketi. Mwachie ashinde, libebe. Yeye amekwisha kukuambia mambo ya chakula, ya kufunga mlango, ya kutopokea kinywaji kwa mtu usiyemjua ndani ya basi, na mimi sina la kuongeza hapo. Tena nikianza kutoa maagizo nitapandisha sauti, wewe utanyamaza, na kesho utapanda basi tumenuniana. Afadhali niandike.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichokulia kambini, baba yangu akiwa askari. Kiingereza changu ni cha kujazia karatasi za serikali, na Kikakwa changu mama yako anakicheka. Kwa Kiswahili naweza kusema kitu kama kilivyo. Ninachotaka kusema ni kuhusu simu, maana kazi unayoiendea ni ya kukaa mbele ya simu siku nzima ukizungumza na watu usiowaona. Wanaiita huduma kwa wateja. Mimi maneno hayo siyapendi, na sababu yake wewe unaijua nusu tu.

Unajua kwamba niliibiwa. Hujui nilivyoibiwa, kwa sababu ulikuwa Mvara shuleni, nami nilihakikisha unaambiwa kwa kifupi.

Siku hiyo nilikuwa barazani nashona sare za shule. Mama Keji alikuwa pembeni yangu kwenye mkeka wake, anatarizi milaya, yale mashuka ya maua ambayo wanawake wa Yei, ng'ambo ya mpaka, hawana mpinzani kwayo. Tumekaa naye baraza moja tangu alipovuka mpaka na watoto wake. Hana kitambulisho cha Uganda, kwa hiyo laini yake ya simu niliisajili kwa jina langu. Hapa Koboko nani hajafanya hivyo? Kila mwenye kitambulisho ana laini ya jirani kwa jina lake. Sikuona kosa, na mpaka leo silioni.

Simu ikaita. Kijana, sauti safi kabisa.

"Mzee, habari ya leo? Mimi napigia wewe kutoka kampuni ya simu, upande ya mitambo. Laini yako iko na shida. Virusi imeingia."

"Virusi gani?"

"Ya kompyuta, mzee. Inakula laini yote iko kwa jina yako. Iko laini ingine kwa jina yako, si ndiyo?"

Angalia ujanja huo. Yeye hakujua lolote. Mimi ndiye niliyemjibu, tena kwa woga, "Ndiyo, ile ya Mama Keji." Siku nyingi watu walikuwa wakisema sokoni kwamba laini za namna hiyo zitafungwa na wenye majina wataitwa polisi, nikajiona tayari nimesimama mbele ya meza ya mkubwa wa kituo. Kijana akasema tusafishe laini sasa hivi kabla mtambo haujafunga, na nisikate simu. Hilo alilirudia kila pumzi: hapana kata, mzee, hapana kata. Nikaichukua simu ya Mama Keji mkononi mwake. Kijana akanisomea vya kubonyeza, kimoja kimoja, nami nikabonyeza kama askari anavyoamriwa gwaride. Ilipofika kwenye namba ya siri nikamgeukia Mama Keji, naye akainama akaninong'oneza sikioni. Hakuuliza kitu. Mimi ndiye niliyekuwa na kitambulisho, mtoto wa askari, mtu wa kujua mambo ya ofisi.

Kaka yake Mama Keji alikuwa amemtumia pesa ya mabati siku iliyotangulia. Kuta za nyumba yake zilikuwa zimesimama tayari, zinanyeshewa. Pesa yote ilikwenda wakati mimi bado nasema "ndiyo, bwana."

Sasa lile nililokuficha. Mama Keji alipoelewa, alinitazama tu, nami nikashikwa na aibu mpaka ikawa hasira. Nikampigia kelele mbele ya watu: "Kwani nani alisema wewe weka pesa yote ndani ya simu? Benki hapana iko?" Nilimlaumu yeye, Zaitun, mtu aliyeninong'oneza siri yake sikioni. Alikunja shuka lake, akachukua mkeka, akavuka barabara akaenda kukaa kwenye baraza la muuza unga. Kuanzia hapo nilishona peke yangu, nikiutazama mgongo wake.

Mwizi wa simu yuko mbali na hana uso, na aibu inataka uso wa kupiga. Inaupata wa aliye karibu. Mimi niliupata wa Mama Keji kabla hata ya kumkumbuka mwizi, na jambo hilo linaniuma kuliko pesa yenyewe. Ukidanganywa huko unakokwenda, maana utadanganywa, sote tunadanganywa, kaa kwanza, kunywa maji, usifungue mdomo.

Sehemu inayofuata unaijua, ulikuwepo. Lakini acha nikusimulie nilivyoiona mimi, kwa sababu wewe ulikuwa unacheka.

Ulikuwa likizo. Mlikuwa mmekaa barazani na mama yako mnamenya karanga. Simu ikaita, na sauti ilikuwa ile ile! Walikuwa wamekula, wakaona sahani bado ina mchuzi. Safari hii alijiita mtu wa kurudisha pesa zilizoibiwa.

"Mzee, ile mwizi tumeshika. Pesa yako iko hapa mkononi yangu. Wewe natuma tu kidogo ya kufungua mtambo."

Nilifungua mdomo nimmiminie matusi ya kambini, yale ambayo hujawahi kuyasikia kwangu na hutayasikia. Wewe ukanishika mkono wa shati, ukabonyeza sauti kubwa, ukaninong'oneza, "Baba, hapana tukana. Salimia yeye."

Sikukuelewa, ila nilitii.

"Kijana," nikasema, "sisi hapa Koboko hapana anza na mambo ya pesa. Salimia watu kwanza."

Akaona amepata mzee mjinga aliyenona, akakubali. Nikamuuliza habari ya kwao, ya wazazi, ya mvua, ya mihogo, ya ng'ombe kama wapo, ya wagonjwa kama wamepata nafuu. Nikampa mama yako, naye akaanza upya tangu mwanzo, na unamjua mama yako akisalimia. Fundi baiskeli akaacha gurudumu akaja. Muuza unga akaja na mikono yake myeupe. Kila mmoja alimuuliza yote tena, na kijana akajibu yote, maskini, kwa sababu kichwani alikuwa akiiona pesa yangu. Salio lilipomwishia aliongeza akapiga tena. Ukamwambia wakala wa pesa ameenda kuswali. Baadaye ukamwambia amerudi lakini mtandao umepotea. Ukamuuliza, kwa upole kabisa, kama ile virusi inaweza kuruka kutoka kwenye simu ikamwingia mbuzi. Fundi baiskeli alikaa chini kwa kucheka.

Hapo nami nikapata wazo langu, na nilijiona mjanja sana.

"Kijana, wewe nasaidia mimi sana," nikasema. "Mimi fundi ya nguo. Kabla natuma pesa, nataka shonea wewe shati ya asante. Pima mwili yako, nipe."

Akasema hana futi ya kupimia. Nikamwambia apime kwa shibiri: bega mpaka bega, kifua kuzunguka, bega mpaka kiganja. Akaweka simu chini apime. Kweli alipima!

Na alipokaa kimya akipima, sote tukasikia. Nyuma yake palikuwa na sauti nyingi, za kike na za kiume, zinasema maneno yale yale: laini yako iko na shida, mama, hapana kata, hapana kata. Sauti za vijana waliochoka, kama darasa linalokaririshwa mchana wa joto. Mtu mzima mmoja alikuwa akifoka.

Kijana akarudi, akanipa vipimo vyake. Nilikuwa nimeshika chaki nijifanye naandika, na nikajikuta naandika kweli, juu ya kitambaa. Zaitun, nimepima watu maisha yangu yote. Kile kilikuwa kifua cha mvulana wa shule asiyeshiba. Mikono mirefu, mabega bado hayajafunguka. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mwanamume mnene mwenye saa ya dhahabu, nikabaki nimeshika chaki. Ninyi mlikuwa bado mnacheka.

Ndipo Mama Keji akavuka barabara. Alikuwa amesikia yote kutoka ng'ambo, maana simu yangu ikiwekwa sauti kubwa ni kubwa kweli. Hakunisalimia. Alinyoosha mkono, nikampa simu.

"Wewe mutoto," akasema. "Pesa ya nyumba yangu wewe ulikula. Mimi nauliza kitu moja tu. Mama yako iko wapi? Yeye najua kazi hii wewe nafanya?"

Kijana akakata. Yule aliyeniomba siku ile ya wizi nisikate, akakata mwenyewe.

Uliruka juu ukapiga makofi, baraza zima likashangilia, na shangwe ulizistahili. Hadithi hiyo bado inasimuliwa sokoni, kila siku inaongezwa chumvi. Nimesikia sasa mwizi alilia.

Usilolijua ni kwamba alipiga tena, ulipokwisha kurudi shuleni. Sauti ilikuwa chini, kama ya mtu aliyejificha chooni.

"Mzee," akasema, "ile shati... ilikuwa kweli?"

Ningeweza kumjibu vibaya. Nilimuuliza jina lake, akanipa, sitaliandika hapa. Nilimuuliza alifikaje pale. Akasema aliitwa Kampala kwa kazi ya huduma kwa wateja. Walimpokea vizuri, wakachukua kitambulisho chake wakisema ni cha kumwandikisha, wakamkalisha, wakampa karatasi ya kusomea watu. Siku ya pili tu alikuwa amekwisha kujua ni wizi. Nikamuuliza kwa nini hakuondoka. Nilidhani ataniambia kuna kufuli. Akasema kufuli ni la usiku, mchana mtu angeweza kutoka. Lakini siku alipoaga nyumbani, mama yake alichinja mbuzi, akaita kanisa zima, akawatangazia kwamba mwanawe amepata ofisi.

"Mimi narudi na nini, mzee?" akasema. "Watu watauliza mimi, nasema nini?"

Nilimwambia arudi. Sikusema vizuri, nilikuwa nagugumia. Nikamwambia kitambulisho kingine kinapatikana, na shati nitalituma mpaka kwao kwa basi, anitajie mji. Akautaja.

Nilipokuwa nalikata lile shati, Mama Keji alikuwa amerudi kwenye mkeka wake. Jambo hili niliweke wazi: hakurudi kwa ajili ya vicheko. Nilimfuata ng'ambo nikamwomba msamaha mbele ya watu wale wale walionisikia nikimfokea. Na ile cherehani ya pili, unayoniuliza kila likizo imekwenda wapi, iko juu ya nyumba yake, siku hizi inaitwa mabati. Alikaa ananitazama nikikata kitambaa cha mtu aliyemwibia. Nilingoja aniambie nina wazimu. Akatarizi ua zima. Halafu akasema, "Baba Zaitun, ongeza bega. Yeye bado nakua."

Shati likaenda. Muda mrefu sikusikia kitu, nikafikiri labda kondakta amelivaa. Kisha kijana alipiga kwa namba nyingine. Yuko kwao, anafyatua matofali na mjomba wake. Watu walimcheka, wakachoka, wakapata mwingine wa kumcheka. Akasema shati ni zuri ila shingo inambana kidogo. Nilifurahi siku nzima. Mama Keji nilipomwambia alisema shingo nimezoea kukosea.

Sasa unaelewa kwa nini ulipoingia na ule ujumbe, kazi, Kampala, huduma kwa wateja, nilisema hapana kabla hujamaliza kusoma. Ulilia. Hukula na sisi. Mama yako alinitazama kana kwamba mimi ndiye mwizi. Nilipaswa kukueleza yote haya siku hiyo. Badala yake nilisema "mimi ndio nasema," maneno ya baba yangu, na najua yanavyochoma kwa sababu niliyasikia utoto wangu mzima. Nisamehe kwa hayo.

Nilichofanya bila kukuambia ni kupiga ile namba ya kwenye ujumbe wako. Msichana akapokea. Nikajieleza, kisha nikamwambia wakati wa swala umefika, nitapiga baadaye. Akasema, "Sawa, mzee, sisi iko hapa mpaka jioni." Hakunizuia kukata! Nilikaa na simu mkononi nikajisikia mwepesi kidogo. Baada ya swala nikapiga tena, nikauliza kama mwanangu atabaki na kitambulisho chake mwenyewe, na kama ofisi yao mzazi anaruhusiwa kuiona. Wakaniambia niende Arua, wana tawi dogo pale. Siku ile niliyosema naenda Arua kununua uzi, sikununua uzi. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya ofisi yao, nikamuuliza kila kijana aliyetoka analipwaje, analala wapi, anarudi kwao lini, mpaka mlinzi akanichoka. Walinijibu bila kuangalia nyuma yao. Nimeridhika, ingawa Arua si Kampala, na Kampala siioni kutoka hapa barazani.

Aliyenimaliza ni wewe. Juzi ulisimama mlangoni ukasema, "Baba, nani alifundisha wewe kusalimia mwizi? Mimi. Sasa unaona mimi hapana jua mwizi?" Nilijifanya natunga uzi kwenye sindano.

Kwa hiyo nenda. Siku wakikupa karatasi ya kusoma, na karatasi hiyo ikakutaka umzuie mtu asikate simu, asimuulize mwanawe, asimngoje mumewe arudi shamba, ujue umefika pale alipofika yule kijana. Inuka. Acha mshahara, acha viatu, acha na kitambulisho kama wamekishika. Na ukiwa mahali pazuri, kama ninavyoamini, atakupigia mzee fulani wa huku kwetu, wa Pajulu au wa Ayivu, atakuuliza habari ya wazazi wako na ya mvua kabla ya kutaja shida ya simu yake. Mkubwa wako atakuonyesha saa. Wewe mjibu huyo mzee.

Limebaki moja, na ndilo lililonikalisha kuandika. Leo mchana uliniuliza kwa nini sikuita watu. Wenzako wakiondoka wanasomewa dua, watu wanakula pilau, baba anasimama anasema maneno. Uliniuliza kama naona haya kwa kazi yako. Niliondoka bila kukujibu, na uso wako niliuona.

Zaitun, wewe unanijua. Ulipofaulu darasa la saba niliwasimamisha hata askari wa mpakani nikawaambia. Tangu upate kazi hii, maneno yamenijaa mdomoni mpaka nashindwa kula. Wateja wananiuliza, "Zaitun naenda wapi?" nami nasema, "Naenda Kampala kutembelea shangazi yake." Fundi baiskeli haamini. Imamu mwenyewe sijamwambia. Dua tumekusomea mimi na mama yako, chumbani, sauti chini. Nimefanya hivyo ili siku ukitaka kurudi, iwe kesho kutwa au mwezi ujao, usikute mtu hata mmoja hapa Koboko wa kukuuliza kitu. Utakuwa umetoka kwa shangazi, basi. Utaingia, utakula, utalala.

Na siku utakapokaa kwenye kile kiti ukaona kazi ni ya kweli, nipigie. Nitafunga cherehani, nitakutangaza kuanzia stendi ya mabasi mpaka mpakani, duka kwa duka, hata watu wakiniona wakimbie. Nipigie upesi, mwanangu. Kunyamaza huku kunaniua.

Baba yako